Kutoka Lushoto hadi Mtae kwa miguu: huduma iliyompangia vyema mgeni apitaye na kumsahau mgeni abakiye

Julai iliyopita mimi na shemeji yangu, mwalimu mstaafu wa Tanga mjini, tulilipia matembezi ya siku tatu kutoka mji wa Lushoto hadi kijiji cha Mtae, kilicho ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara Magharibi. Huduma hiyo inatolewa na kikundi cha waongozaji ambao ni wazaliwa wa vijiji vilevile wanavyowapitisha wageni. Mimi nilitaka kutembea tu. Shemeji alitaka kutembea na pia kutazama kiwanja, kwa kuwa tangu astaafu amekuwa akisema kwamba joto la Tanga limemchosha na kwamba kilichobaki cha mafao yake kinatosha kujenga nyumba ya vyumba viwili mahali penye ubaridi na mandhari. Kwa hiyo tathmini hii imeandikwa kwa mahitaji ya watu wawili tofauti, mgeni wa siku tatu na mgeni anayefikiria kuhamia. Yule wa kwanza atakuta huduma iliyopangwa kwa uangalifu kuliko nyingi nilizowahi kulipia hapa nchini. Yule wa pili hatakuta kitu. Kikundi chenyewe sikitaji, wala kijiji nitakachokizungumzia kwa kirefu, maana sehemu kubwa ya kasoro nilizoziona inavipita vyote viwili.

Nianze na risiti, ambayo ilinivutia kabla hata ya milima yenyewe. Ilikuwa na mistari mitatu: ujira wa mwongozaji, malazi na chakula, na mchango wa maendeleo kwa kila kijiji ambacho tungelala au kupumzika, huku jina la kila kijiji likiandikwa peke yake na kiasi chake pembeni. Ada ya kuingia msituni haikuwamo, kwani Magamba ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ada yake tuliilipa wenyewe kwa simu, kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu anaweza kuona kwamba mistari mitatu katika kipande cha karatasi si jambo la kusifia, lakini aliyewahi kulipa fedha ya jumla mahali pengine, akaambiwa kwamba “na kijiji kimo humo humo”, atanielewa. Utaratibu huu haukuzuka jana. Katikati ya miaka ya 1990 Bodi ya Utalii Tanzania, ikisaidiwa na shirika la maendeleo la Uholanzi liitwalo SNV, ilianzisha utalii wa kitamaduni katika vijiji vya kaskazini mwa nchi, na Lushoto ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Makubaliano ya tangu wakati huo ni kwamba mgeni anayekuja kutazama bonde la mtu aache kitu kwa ajili ya shule, njia au maji ya watu wa bonde hilo.

Siku ya kwanza haina mengi ya kulalamikia. Tulipanda hadi Magamba asubuhi ukungu ukiwa bado haujainuka, tukawaona mbega wakiruka kwenye matawi ya juu, tukaoneshwa vinyonga ambao kwa macho yetu ya mjini tusingewaona hata mmoja. Mwongozaji wetu, kijana wa miaka kama thelathini, alijua miti kwa majina ya Kisambaa na ya Kiswahili, na pale asipojua alisema hajui, jambo ninalolihesabu kuwa sifa. Tulipotoka msituni tulipanda gari kwa kipande cha njia hadi Lukozi, ambako malori yalikuwa yakipakia kabichi na karoti za kwenda Dar es Salaam, kisha tukaendelea kwa miguu hadi Rangwi na kulala katika nyumba ya wageni ya masista. Nyumba hiyo imeshasifiwa na wengi, nami nasema tu kwamba maji yalikuwa ya moto na mablanketi yalitosha, ingawa shemeji hakuamini kwamba yangetosha mpaka alipoamka asubuhi.

Katika njia hiyo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kikundi hiki kina kanuni zake. Hawaongozi zaidi ya watu sita kwa pamoja. Huwasiliana kwa simu ili kijiji kimoja kisipokee vikundi viwili usiku mmoja, kwa sababu, kama mwongozaji alivyotueleza, mama mmoja hawezi kupikia watu kumi na mbili na bado akaenda shambani kesho yake. Mgeni haruhusiwi kukatiza matuta hata kama mkato unaonekana wazi, kwani ardhi ya Usambara karibu yote anayoiona mtembeaji nje ya msitu ni shamba la mtu, na mteremko ukishakanyagwa hovyo mvua ya masika huumalizia. Anayetaka kupiga picha ya mtu huomba kwanza. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa ukutani kwa herufi kubwa, ila yote yalifuatwa, na mara mbili nilirudishwa njiani kwa adabu: “Mzee, tupite huku, pale ni kwa watu.”

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, tulifika katika ofisi ya kijiji ambacho kwangu ndicho kilichokuwa kiini cha safari. Ni desturi ya kikundi kumpeleka kila mgeni ofisini akaandike jina lake katika daftari na kukabidhi mchango. Waongozaji wengi wa mahali pengine hulifanya jambo hilo kwa haraka na kwa aibu, kana kwamba ni kituo cha ukaguzi. Hapa tulikaribishwa kwenye benchi, tukasalimiwa kwa Kisambaa, “Onga maundo,” tukajibu kwa Kiswahili kibovu cha woga, na mtendaji wa kijiji akaandika stakabadhi ya kijiji kwa kiasi kilekile kilichokuwa kwenye risiti yetu ya Lushoto. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na karatasi ya mapato na matumizi, na mchango wa wageni ulikuwa na mstari wake, ukifuatiwa na mabati ya darasa na matengenezo ya bomba la maji. Nilisimama mbele ya ubao huo kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya maporomoko yoyote.

Pembeni ya ubao ilitundikwa ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, iliyochorwa kwa mkono na kupakwa rangi: makazi, kilimo, malisho, msitu wa kijiji, vyanzo vya maji, makaburi. Shemeji, ambaye alifundisha jiografia kwa zaidi ya miaka thelathini, aliivulia kofia, kisha akauliza swali lililobadilisha mazungumzo. Alitaka kujua ukingo wa mlima, ule mstari wa mawe unaotazama nyika, umepangiwa nini.

Mtendaji alinyamaza kidogo. “Mwalimu,” alisema, “ramani hii tuliichora kwa ajili ya mkulima na mfugaji. Pale ukingoni ni mawe na upepo, tukapaacha. Hatukujua kama upepo nao una mnunuzi.”

Sasa anao. Tangu asubuhi tulikuwa tumeona vibao vitatu njiani vilivyoandikwa kwa rangi nyeupe kwamba kiwanja kinauzwa, na kimoja kiliongeza neno “mandhari” kisha namba ya simu. Tulikuta pia nyumba mbili mpya zenye madirisha makubwa yanayotazama bondeni, zote zimefungwa, na ua wa michongoma wa mojawapo ulikuwa umeziba njia ya miguu, hivyo kina mama waliobeba majani ya ng’ombe walilazimika kuzunguka kwa chini kwenye utelezi. Mwongozaji alituzungusha na sisi bila kusema neno. Alipoulizwa nyumba ni za nani alijibu kwamba ni za watu wa Dar es Salaam, akabadilisha mazungumzo.

Kwa upande wa sheria, mtu asiyejua angedhani kijiji hakina meno, wakati kinayo ya kutosha. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inakipa kijiji uwezo wa kuandaa mpango wake chenyewe na kuupitisha katika mkutano huohuo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Shida ni kwamba viwanja vya ukingoni havigawiwi na halmashauri hata kidogo. Vinauzwa na ndugu wa ukoo kwa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na jirani na balozi, na habari hufika ofisini pale tofali la kwanza linapoonekana. Uhamisho wa haki ya kimila nao unatakiwa uidhinishwe na halmashauri ya kijiji, lakini muuzaji ana mtoto wa kupeleka sekondari na mnunuzi ana gari linalomsubiri barabarani, na hakuna kati yao mwenye sababu ya kupitia ofisini kwanza.

Nilimwuliza mtendaji kwa nini basi mkutano mkuu usiichore upya ramani, ukapapangia ukingo: sehemu gani inajengwa, kwa umbali gani kutoka njia, maji ya mgeni yatatoka bomba gani, na yeye atachangia nini. Alikubali kwamba ndivyo inavyopaswa, akaeleza kwamba kupima upya na kuita wataalamu wa wilaya kunahitaji fedha, na kwamba kuna jambo la pili ambalo wageni hawalijui. Wazee wa milima hii hawapendi neno mpango linapoletwa kutoka nje. Kuanzia 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha mradi wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, ukiwalazimisha wakulima kulima kwa matuta kwenye miteremko, kazi ngumu ambayo kwa sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Watu waliukataa, upinzani ukawa wa kisiasa, na mradi ukaachwa kabla ya uhuru. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli. Hilo hakuna aliyelibishia. Kilichokataliwa ni kuamriwa na mtu ambaye hatalima. Kwa hiyo mpango wa ukingo, alisema, ni lazima uanzie kwenye benchi hili tulilokalia, na benchi hili lina kazi nyingine nyingi.

Jibu hilo nililiheshimu, ingawa sikulikubali lote. Kijiji kilichoweza kupanga mama gani apikie wageni wangapi hakishindwi kupanga njia ya miguu ipite wapi. Tofauti ni kwamba mgeni wa matembezi huletwa na kijana wa kijiji, huandikwa daftarini na huondoka. Kila hatua yake ina mtu wa kumwangalia. Mgeni wa kiwanja huletwa na dalali. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na nilichokiona ni kijiji kinachompa jembe yule wa siku tatu, kwa njia ya mchango, huku yule wa miaka thelathini hajaulizwa hata jina.

Jioni ya siku hiyo, tukiwa tumelala nyumbani kwa familia moja kwa utaratibu wa kikundi, mwongozaji alitusimulia habari ya Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi. Kila msomaji wa Tanga anaijua kwa namna moja au nyingine: mwindaji aliyetoka Nguu, akaingia Usambara akiwa mgeni asiye na ukoo, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akapewa wake, na huko Vuga akafanywa mfalme. Nilikuwa nimeisikia utotoni kama hadithi ya ushujaa. Nikiwa nimekaa karibu na moto wa mikaratusi baada ya kuona ua ule wa michongoma, niliisikia kama maelezo ya masharti. Mbegha hakuja kutazama nyika. Alikuja na kitu ambacho wenyeji walikihitaji, na alikaa mahali walipomkalisha. Huenda nimeisoma kupita kiasi, na chakula cha usiku huo, ugali kwa mboga za majani na maziwa mgando, ndicho kilichonipa ukarimu wa mawazo.

Siku ya tatu ndiyo ya mwendo mrefu na ndiyo yenye kasoro mbili za huduma ambazo lazima niziseme. Katika kijiji cha kupumzikia mchana hatukupelekwa ofisini. Mwongozaji alikabidhi mchango mkononi kwa mtu aliyetukuta njiani, na nilipoomba stakabadhi niliambiwa kwamba mtendaji amesafiri na stakabadhi itafuata. Haijafuata. Kiasi chenyewe ni kidogo, lakini huduma nzima imesimama juu ya karatasi hiyo, na ikikosekana mara moja mgeni anayo haki ya kuuliza hukosekana mara ngapi. Kasoro ya pili ni ukimya. Shemeji aliuliza mara tatu, kwa nyakati tofauti, utaratibu halali wa mtu wa mbali kuomba kiwanja kijijini, na mara zote tatu alijibiwa kwamba hilo si la kikundi. Tulipofika karibu na Mtae, kijana mwingine ambaye hakuwa wa kikundi alitusogelea, akamwita shemeji pembeni, na ndani ya dakika tano shemeji alikuwa na bei, vipimo vya hatua kwa miguu, na ahadi ya karatasi siku hiyohiyo. Mwongozaji wetu alisimama kando akitazama chini. Naelewa kwamba hataki kuonekana dalali, na kwamba huenda muuzaji ni mjomba wake. Lakini kikundi kinachojua kumfikisha mgeni katika ofisi ya kijiji kwa ajili ya mchango kingeweza kumfikisha pale pale kwa ajili ya swali hilo, na kumwacha huko na mtendaji na ramani.

Ukimya wa namna hii una gharama inayoonekana kwingine. Katika ufukwe wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, wageni walivutwa na bahari kama hawa wanavyovutwa na ukingo, na leo kina mama wakulima wa mwani wanafanya kazi yao wakipishana na wageni wa hoteli na vishada vya michezo ya majini. Mlima hauna ufukwe, lakini una ukingo, nao ni mwembamba vilevile.

Kuhusu Mtae penyewe nitasema machache, kwa kuwa macho hayahitaji tathmini. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima ambao pande zake zinaporomoka hadi chini kabisa. Upande mmoja ni nyika ya Mkomazi, mbele ni milima ya Upare, na wenyeji wanasema siku ikiwa safi Kilimanjaro huonekana. Siku yetu haikuwa safi. Nyumba ya kulala wageni ilikuwa ya kawaida, choo kilikuwa kisafi, na maharage yalipikwa na mtu anayejua kazi yake.

Kwa anayetaka kutembea, ninaipendekeza huduma hii bila kusita, kwa sharti kwamba adai stakabadhi katika kila kijiji, si kwa kutomwamini mwongozaji bali kwa kumsaidia. Aje na koti zito miezi ya Juni hadi Agosti, viatu vyenye meno, na fedha taslimu za matumizi madogo. Aepuke masika, Machi hadi Mei, isipokuwa anapenda kuteleza. Ajue pia kwamba basi la kurudi Lushoto huondoka Mtae kabla ya alfajiri, na kwamba dereva hamsubiri mtu anayepiga picha. Bei si ya chini kwa mfuko wa Mtanzania, lakini ukiigawa katika mistari ile mitatu utaona kila shilingi imekwenda wapi, ukiacha ile ya kijiji kimoja.

Kwa anayetaka kubaki, kikundi hiki bado hakijawa na la kumpa. Katika kitabu cha maoni niliandika mapendekezo mawili: kwamba nakala ya ramani ya kila kijiji kilichopanga ardhi yake iwekwe katika ofisi ya kikundi mjini Lushoto, na kwamba mgeni yeyote anayeuliza habari za kiwanja apelekwe kwa mtendaji, siku hiyohiyo, kabla hajafikiwa na namba ya simu ya kibaoni. Mwongozaji aliyasoma mbele yetu polepole, akasema kwamba la pili anaweza kulianza yeye mwenyewe bila kuuliza mtu, na kwamba la kwanza atalipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji chao, ambako naye ni mjumbe kama mkazi mwingine yeyote.

Shemeji hakununua. Alimrudishia yule kijana karatasi yake, na wiki mbili baadaye alimwandikia mtendaji wa kile kijiji cha ramani barua ya kurasa mbili, kwa mwandiko wa ubaoni, akiomba nafasi ya kuja kujieleza mbele ya mkutano na kuuliza kama ukingo ukipangwa kutakuwa na sehemu ya mzee mmoja na mkewe, mbali na njia ya kina mama. Jibu bado, na ameniagiza nimtafutie koti.